Achore kwanza, kisha aandike: ninavyofundisha mvua za milima

Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha jiografia darasa la sita, nilikuwa najaza ubao na watoto wananukuu. Mitihani walifaulu. Siku moja nikamwuliza mmoja wa waliopata alama za juu: kwa nini kwenu Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mvua ni nyingi kuliko Moshi mjini? Akanitajia aina tatu za mvua, kwa mpangilio uleule wa ubaoni. Swali langu hakuligusa. Iliniuma, maana maneno yale yalikuwa yangu.

Tangu hapo nimebadili njia. Mwalimu mwenzangu, mpe mtoto aya fupi aisome, achore alichokielewa, kisha aya iwekwe kando na aandike kwa kutazama mchoro wake tu.

Aya huwa naitunga mwenyewe, mistari minane hivi, kuhusu mahali wanapopajua. Ya mvua za milima inasema hivi: upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba mvuke. Ukifika Kilimanjaro unalazimika kupanda. Hewa ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone, mawingu yanajengeka na mvua inanyesha upande wa kusini. Ikivuka ng'ambo, hewa inateremka, inapata joto na mawingu yanayeyuka. Ndiyo maana ukizunguka mlima kupitia Siha unaiacha migomba nyuma, unakuta mashamba ya ngano, halafu nyasi za malisho. Naisoma kwa sauti mara mbili, na mara ya kwanza hakuna anayeshika penseli.

Kwenye kuandika ndipo utaona nani kaelewa. Karibu wote huleta sentensi hii: "Upepo unagonga mlima, mvua inanyesha." Mlima umegeuka ukuta unaokamua mawingu. Ilinichukua muda kujua kosa linatoka wapi. Mshale wa kupanda wanauchora vizuri, lakini kupoa hakuna umbo, kwa hiyo hakumo kwenye mchoro, na kisichomo kwenye mchoro hakifiki kwenye sentensi.

Siku hizi nawaambia waandike joto pembeni ya mshale. Moshi mjini, kama meta 800 juu ya usawa wa bahari, tuseme ni nyuzi 28. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1,000 unazopanda. Je, kwenye meta 2,800? Wanapiga hesabu, wanaandika 16. Wakiandika upya, neno "inapoa" linakuja lenyewe.

Jambo jingine ni "kisha". Watoto wanalipenda sana neno hili: upepo unakuja, kisha unapanda, kisha mvua. Waambie wajaribu kuweka "kwa hiyo" kila penye "kisha". Pale inapokataa kukaa, kuna hatua wameiruka, na wataitafuta wenyewe. Kwangu zoezi hili dogo lina faida kuliko kukariri ukurasa mzima.

Kuhusu kusahihisha, najua mna watoto sabini na zaidi darasani. Mimi nasahihisha kitu kimoja tu: naweka alama ya kuuliza pale hatua iliporukwa. Tahajia ina siku yake.

Mwishoni nawatuma nyumbani. Vijiji vya huku vina mifongo, ile mifereji ya wazee ya kuleta maji shambani. Kila mtoto amwulize mzee maji ya mfongo wao yanaanzia wapi, na kwa nini hayakauki mvua zikikoma, kisha aandike majibu pamoja na maelezo yake mwenyewe. Msichana mmoja aliyekuwa haandiki zaidi ya mistari miwili alileta ukurasa mzima. Katikati yake aliandika: "Bibi anasema maji yanatoka msituni. Hewa inapoa huko juu, kwa hiyo mvua ya msitu ni nyingi, kwa hiyo udongo unakunywa maji na kuyatoa polepole mpaka kwetu." Ile habari ya udongo sikuwa nimeifundisha. Nikamwomba aisome mbele ya darasa.