Muheza: chungwa halilipi ada ya Januari

Ndugu mleta mada ameuliza kama mtu aliyezoea mshahara wa Dar es Salaam anaweza kuhamia Muheza na familia yake, akanunua ekari 5 za michungwa na kuishi kwa mapato ya hayo machungwa peke yake. Mimi ninaishi huku kwa mwaka wa 14 sasa, kando ya barabara itokayo Segera kwenda Tanga mjini, na nilikuja na hesabu inayofanana sana na yake. Ekari hizo zinatosha. Kilichonishinda mimi ni miezi.

Michungwa yetu huchanua zaidi kwa mvua za vuli, na tunda huchukua miezi saba hadi tisa kukomaa, kwa hiyo msimu mkubwa huangukia katikati ya mwaka, masika yakishapita. Mahindi ya masika nayo huvunwa wakati huohuo. Sasa tazama kipindi cha Januari hadi Mei: shule zimefunguliwa, ada na sare zinadaiwa, mbegu zinatakiwa, palizi haingoji, na debe la unga limebaki vumbi. Huo ndio wakati ambao mnunuzi hufika shambani, akapita mti kwa mti akikadiria matunda yakiwa bado mabichi, kisha akataja bei ya shamba zima, pesa mkononi. Bei hiyo huwa ndogo, naye anajua kwa nini utaikubali.

Nami niliikubali. Mwaka wangu wa pili niliuza mwezi wa Februari, nikapokea nusu ya malipo kwa ahadi kwamba nusu ya pili ingefuata wakati wa kuchuma. Mwezi wa Julai vijana wake walikuja, wakachuma matunda makubwa ya kupakia kwenye lori la kwenda Kenya kupitia Horohoro, wakayaacha madogo mtini, na nusu ya pili sijaiona hadi leo, kwa sababu tulikubaliana kwa mdomo bila hata shahidi mmoja. Nilipomsimulia mzee jirani yangu, Mbondei aliyezaliwa hapahapa, hakunipa pole. Aliniuliza tu, "Mwanangu, siku unapokea hizo pesa, nyumbani kulikuwa na unga?" Haukuwapo.

Swali hilo ndilo lililobadilisha shamba langu. Ekari moja niliitoa kwenye michungwa, ambayo tayari ilikuwa mizee, nikapanda muhogo, kwa kuwa muhogo hungoja ardhini mpaka utakapouhitaji, na mwenye makopa, yaani muhogo uliokaushwa, darini hakosi bada, ugali wa muhogo, hata masika yakiwa mabaya. Chagua mbegu kwa uangalifu, usichukue pingili za shamba lolote tu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha kiazi huku majani yakidanganya kuwa mazima, ni mwenyeji wetu wa zamani: maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu yalitolewa mwaka 1936 na mtafiti wa kituo cha Amani, hapo juu milimani Usambara. Wengi hapa hupanda Kiroba, kwa kuwa huuvumilia kuliko mbegu nyingi za asili.

Kisha nilinunua mtamba mmoja chotara, nikamfuga bandani kwa majani ya kukata. Lita sita au saba kwa siku si utajiri, lakini kituo cha kukusanyia maziwa hulipa kila mwezi, na pesa inayokuja kila mwezi ndiyo inayokuwezesha kumwambia mnunuzi wa Februari arudi Juni. Ogesha ng'ombe dhidi ya kupe bila kuruka hata wiki moja, kwani ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao, haisamehi. Ndama wangu wa kwanza alikufa kwa uzembe wangu mwenyewe.

Kuhusu michungwa yenyewe nitasema machache. Ukipanda upya, tumia miche iliyobebeshwa juu ya shina la mlimau, kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, na ekari moja itaingia miti 82 hivi. Utasubiri miaka mitatu au minne kabla ya tunda la maana. Adui mkubwa ni inzi wa matunda, hasa yule aliyetoka Asia na kugunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutaga ndani ya tunda, na funza wake hutoka kwenda kujigeuza udongoni, ndiyo maana machungwa yaliyoanguka hayaachwi chini: yakusanye kila baada ya siku chache, uyafukie kwenye shimo refu. Shamba la jirani asiyeokota litakurudishia inzi walewale, na hilo ni jambo la kulizungumza naye mapema, kwa adabu. Wapo pia majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wachumaji watakuomba uwaue kwa sababu wanauma vibaya. Usikubali. Hao huwafukuza inzi na wadudu wengine bila kukudai shilingi, na kwenye minazi ndio walinzi wa vidaka, yaani nazi changa, dhidi ya kidudu kinachovifyonza mpaka vikaanguka.

Suala la ardhi limewaponza wageni wengi kuliko inzi. Huku pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Unaweza kuuziwa shamba, ukaja kuambiwa kwamba minazi ile sita ni ya shangazi wa muuzaji, na shangazi akawa na haki yake. Vivyo hivyo, aliyeazimwa eneo hupanda mahindi, kunde na mihogo, lakini hapandi mti wa kudumu, kwani kupanda mti ni kudai mahali. Kwa hiyo waulize majirani wa pande zote nne, hesabuni miti pamoja na muuzaji na ndugu zake, na maandishi yapite mbele ya serikali ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi hiyo, nayo haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Anayekuambia kwamba saini ya mtu mmoja inatosha anakuharakisha kwa faida yake.

Wenyeji wana msemo kuhusu Tanga, "waja leo, waondoka leo", nao huutumia kwa utani wanapomwona mgeni aliyenunua shamba mwezi wa Julai, matenga yakiwa yamejaa kando ya barabara na kila mtu akiwa na pesa. Kwa hiyo usije kulitazama shamba Julai. Njoo mwezi wa Machi, ukae wiki moja, na ukifika kwangu utakula bada na kisamvu, kisha nitakupeleka kwa yule mzee.