Niliyoandika yote ni kweli, mbona nimepata alama 1?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Katika jaribio la historia tuliulizwa kuhusu uasi wa watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani: "Eleza sababu mbili za Vita vya Maji Maji (alama 4)." Nilijaza karibu ukurasa mzima. Nilimwandika mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, dawa yake ya maji iliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, kunyongwa kwake Agosti 1905, na njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mazao. Nimepata alama 1. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea historia, ulijibu swali ambalo hukuulizwa. Uliulizwa sababu, nawe ukasimulia vita. Njaa ni matokeo, na kunyongwa kwa Kinjikitile kulitokea mapigano yakiwa yameshaanza, kwa hiyo msahihishaji hawezi kuyapa alama hata kama anayakubali. Dawa ya maji inahitaji uangalifu zaidi, na naamini ndiyo iliyokupatia hiyo alama moja: iliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, kwa hiyo inaeleza kwa nini vita vilienea kusini kote, lakini peke yake haielezi ni dhuluma gani iliyowachosha watu.

Sasa tazama neno la amri. Swali lingesema "taja", majina mawili ya sababu yangetosha. Limesema "eleza", tena kwa alama 4, na kwa kawaida mgawanyo huwa alama 2 kwa kila sababu: moja kwa kuitaja, nyingine kwa kuonyesha jinsi ilivyosababisha vita. Hapo pa pili ndipo wanafunzi wengi wazuri wanapopoteza alama, kwa sababu hudhani uhusiano huo unajulikana na hauhitaji kuandikwa.

Mimi ningeandika hivi: "Sababu ya kwanza ni kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Kuanzia mwaka 1902 wanavijiji walitumikishwa katika mashamba ya pamoja chini ya usimamizi wa maakida na majumbe (viongozi walioutumikia utawala wa Wajerumani) kwa malipo duni, wakakosa muda wa kulima chakula chao; ndiyo maana mwezi Julai 1905 Wamatumbi walianza uasi kwa kung'oa miche ya pamba." Sentensi hizo mbili zinatosha. Tukio la kung'oa pamba lina nguvu kubwa hapa, kwa kuwa kitu cha kwanza ambacho watu walikishambulia kinaonyesha wazi kilichowaudhi. Kwa sababu ya pili chukua kodi, kisha ueleze kwamba aliyeshindwa kulipa alitumikishwa kazi, jambo lililozidisha chuki dhidi ya utawala.

Usirudie swali katika utangulizi, wala usiandike sababu ya tatu "kwa usalama", kwani mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakuachia chini ya dakika 2 kwa kila alama. Ukisahau mwaka kamili, andika "mwanzoni mwa karne ya 20". Ni afadhali kuliko kubahatisha mwaka usio sahihi.

Jioni ya leo jibu swali hili kwa dakika 7, bila daftari: "Eleza matokeo mawili ya Vita vya Maji Maji (alama 4)." Ile njaa uliyoiandika mahali pasipo pake, hapo sasa ndipo inapohitajika.