Sungura kafa ukurasa wa tatu, wa tano anacheza ngoma

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Nafundisha Kiswahili darasa la tano huku Pangani. Nina wanafunzi 64, laptopu moja ya shule na simu yangu. Nilitaka watunge pamoja hadithi ya picha na sauti, lakini watatu wanaojua kompyuta walishika kila kitu, waliobaki wakawa watazamaji. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Afadhali wewe. Mimi mara ya kwanza kila kikundi nilikipa ukurasa wake. Sungura akafa ukurasa wa tatu, wa tano yumo harusini anacheza ngoma, tena kageuka jike!

Laptopu ifungie kabatini wiki nzima. Wakalishe chini ya mti, mmoja aite "Paukwa!", wenzake waitike "Pakawa!", aanze kwa sentensi moja, wa pembeni aendeleze. Wewe andika ubaoni yale tu yasiyobadilika. Kwetu mhusika alikuwa Mwanaidi, miaka 9, kanga nyekundu, hereni sikio moja. Hereni ile ndiyo iliyotuokoa: wachoraji kumi na mbili, kila mmoja na mkono wake, lakini Mwanaidi ukimwona unamjua.

Michoro iwe ya karatasi, uipige picha karibu na dirisha. Sauti rekodini stoo, magunia ya mahindi yanameza mwangwi. Na simu uiweke hali ya ndege. Sisi katikati ya kilio cha Mwanaidi alipiga shemeji yangu kuulizia bei ya nazi. Mvua ni mchele unaomiminwa kwenye sinia, na mtoto asiyependa kusoma kwa sauti ataigombania kazi hiyo.

Kisha toa laptopu, fungua PowerPoint, programu ya slaidi: slaidi moja, picha moja, sauti moja. Intaneti ya nini? Wanaosifia kuandika pamoja mtandaoni hawanunui bando kwa mshahara wetu. Hao mabingwa wako watatu wape sharti: mausi hawagusi, wanaelekeza kwa mdomo tu. Watahangaika, waache.

Wakikosa mfano, wasomee hadithi za African Storybook, mradi wa Afrika Kusini. Za Kiswahili zimo, na leseni yake inaruhusu kuzipakua, kuzichapa, hata kuzirekebisha.

Majina yaandike yote 64. Yetu yalikaa slaidi ya mwisho, na siku ya wazazi ndiyo waliyoomba irudiwe.