Kinu kitakaa wapi?

Mmeuliza wiki hii: "Je, maghorofa ndiyo jawabu la makazi nafuu kwa familia za kipato cha chini?" Mimi nataka kujua kinu kitakaa wapi.

Bibi yangu alihamia Michenzani, mjini Zanzibar, miaka ya 1970, nyumba yake ya udongo ya mtaa wa Ng'ambo ilipovunjwa kupisha yale majumba ya maendeleo yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Akapewa fleti ghorofa ya nne, bila kulipa. Ng'ambo alikuwa na ua: jiko la kuni, kamba ya nguo, mkeka, na kinu. Juu kule alipewa vyumba na jiko jembamba.

Jioni moja alikuwa anatwanga kisamvu, jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Bibi akadhani ni hodi, akaitikia, "Karibu!" Alipoelewa, aliona haya mno. Tangu siku hiyo kaka yangu alikikumbatia kinu, mimi nikabeba mchi, tukashuka ngazi zote, tukapumzika kila ghorofa. Magharibi tukakipandisha. Mwisho tulichoka, tukakiacha chini ya ngazi. Baada ya siku chache kikaja kinu cha pili, halafu mbuzi ya nazi, halafu mkeka. Kina mama wa ngazi nzima wakawa wanashinda pale, watoto wakilala mapajani. Mpaka nazi za pilau ya harusi ya dada yangu zilikuniwa pale.

Nilianza kuandika nikiwa na hasira na wachoraji wa ramani za majengo. Lakini niseme kweli: mjomba alimjengea bibi nyumba Fuoni, yenye ua mpana. Alikaa siku tisa, akarudi Michenzani. Alisema kule hana wa kutwanga naye, na choo kiko nje.

Basi jengeni maghorofa. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 zilipata fleti mwaka 2022, nami nimefurahi kwa ajili yao. Ila chini ya kila ngazi pachorwe mahali penye sakafu, bomba na kivuli, pasigeuzwe maegesho ya magari. Na wazee wapewe ghorofa za chini, ingawa kwa hili bibi angegombana nami. Aliupenda upepo wa juu, na alipokuwa mgonjwa alikataa katakata kushushwa.