Wasomaji Wanauliza: Nitatiaje Saini Kwenye PDF Bila Kuprinti?

SWALI: Assalamu alaykum. Mie niko Wete, Pemba, nimepata kazi ya hoteli huko Nungwi alhamdulillah, wamenitumia mkataba kwa imeili ni PDF na wanautaka kesho asubuhi ushasainiwa. Steshenari ya hapa jirani skana yao mbovu. Nimeipiga picha saini yangu nikaipachika, inakuja na boksi jeupe linafunika mstari na jina. Simu yangu Android. Nifanyeje, na saini ya hivi wataikubali?

JIBU: Waalaykum salaam dada, hongera sana kwa kazi. Hilo boksi jeupe ni ile karatasi yenyewe uliyoipiga picha, maana picha ya JPG, aina ya faili la kawaida la picha, haijui kitu kinachoitwa uwazi, yaani pahala pasipo rangi panapoonesha cha chini yake, kila pembe lazima ijae rangi. Inayojua ni PNG, aina nyengine ya faili la picha, kwa hiyo ukitaka kutumia picha inabidi uondoe rangi ya nyuma kwanza ndo uihifadhi kama PNG. Lakini kwa haraka uliyonayo usihangaike na hayo. Pakua Adobe Acrobat Reader, ya bure inatosha, fungua mkataba humo, nenda pa kujaza na kusaini, uandike saini kwa kidole au uipige picha humo humo na programu yenyewe itaiondoa karatasi ibaki wino tu. Iweke pahala pake, ipunguze ikae juu ya mstari, hifadhi, basi. Wenye iPhone hawahitaji hata kupakua kitu, wakifungua PDF kuna alama ya kalamu, halafu ya kujumlisha, hapo wataona pa kuongeza saini.

Ukiamua kupiga picha, karatasi iwe nyeupe isiyo mistari, peni nyeusi, kaa karibu na dirisha mchana na uangalie kivuli cha simu kisiangukie karatasi, maana kivuli ndo kinachoacha ukungu wa kijivu kuizunguka saini. Na faili ukilituma kwa WhatsApp litume kama dokumenti, ukilituma kama picha linabanwa na maandishi yanafifia.

Sasa kukubalika. Waulize hao hao waajiri kwa imeili, "saini ya kuweka kwenye PDF mnaipokea?" na jibu lao ulitunze. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayotambua saini za kielektroniki, ila saini inayohesabika kuwa salama ina masharti: iwe chini ya mamlaka ya mwenyewe, imtambulishe, na iungane na waraka kiasi kwamba waraka ukibadilishwa baadae ionekane. Picha ya saini peke yake hilo la mwisho haiwezi. Mtu akifuta mshahara akaandika mwengine, saini yako itabaki pale pale imetulia. Inayoweza ni saini ya kidijitali yenyewe, ile ya hesabu za siri, ambayo hupiga muhuri maneno yote ya faili na herufi moja tu ikiguswa inapiga kelele. Kwa hiyo dada, baada ya kusaini jitumie na wewe nakala kwenye imeili yako saa ile ile unayowatumia wao, ili ikitokea ubishi uwe na yako yenye tarehe.

SWALI: Mimi ni karani wa ushirika wa akinamama wa mwani, Paje. Mwenyekiti wetu kanipa picha ya saini yake niwe naibandika kwenye barua kila zikitoka kwa sababu yeye kutwa yuko baharini. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, na nakuomba umwambie leo kwa adabu. Hapo siku barua ikileta tabu yeye atasema sikuiona, na wewe ndo utakayeulizwa, kwa sababu kweli uliibandika wewe. Mpelekee PDF kwenye simu yake maji yakishajaa karudi nyumbani, asome, asaini mwenyewe kwa kidole, akurudishie. Zile barua za kawaida anaweza kukuruhusu kwa maandishi usaini kwa jina lako mwenyewe kwa niaba yake. Hiyo picha ifute kwenye simu, na kama ulishaiweka ndani ya faili za Word ulizowatumia watu, zifuatazo zitume PDF, kwani kwenye Word mtu anaibonyeza tu ile saini anaikopi anaondoka nayo.