Kansa ya ngozi ya mzee, mbona hawaikati?

SWALI: Shikamoo dokta. Mzee wangu ana mabaka kiunoni na mapajani miaka mingi tu, tumempaka dawa za fangasi mpaka tumechoka, juzi wakamkata kinyama kidogo cha ngozi kwenda kupima na majibu yamekuja ni limfoma ya ngozi, inaitwa maikosisi fungoidi. Tupo tayari kuchangishana afanyiwe oparesheni hata kesho ila daktari kasema hakati. Ndo wamemkatia tamaa? Msomaji, Moshi.

JIBU: Marahaba mwanangu, na mzee mpe pole sana. Hajakatiwa tamaa, daktari wake yuko sahihi kabisa. Limfoma hii ni kansa ya chembe nyeupe za damu zilizohamia kwenye ngozi, na hizo chembe hazikai sehemu moja, baka mnaloliona ni pale tu zilipojaa, kwa hiyo mkikata la kiunoni lingine linaota pajani na mzee anabaki anauguza kidonda bure. Kazi ya kisu hapa ni hicho kinyama, tena wengi wanachukuliwa zaidi ya mara moja ndo majibu yanaeleweka, maana mwanzoni ugonjwa unafanana sana na pumu ya ngozi, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu baka linaweza kuwa jeupe watu wakadhani ukoma.

Sio kwamba limfoma za ngozi hazikatwi kabisa, zipo nyingine zinazokuja kama uvimbe mmoja tu, labda begani au kichwani, hizo mkishapima na kuona hakuna kitu ndani ya mwili unaweza kuutoa uvimbe au kuupiga mionzi, na hata hapo daktari hachimbi nyama nyingi.

Ya mzee kama bado ni mabaka tu inatibiwa kwa krimu kali za steroidi, mwanga wa taa maalumu, na mionzi pale panaposumbua, limfoma inasikia mionzi vizuri mno hata kwa dozi ndogo. Wengi wa hatua ya kwanza wanaishi miaka mingi sana. Ila baka likiinuka likawa uvimbe, likichimbika kidonda, au tezi za kwapani na kinenani zikivimba, msingoje tarehe ya kliniki, hapo wanaweza kuitoa tezi ikapimwe.

Muulizeni daktari mzee yuko hatua ya ngapi, na hiyo michango iwekeni ya nauli, maana taa ni mara 2 au 3 kwa wiki, miezi kadhaa.