Jibu: Mji wa watu weusi kule Kansas

Mkuu, umeuliza kama kweli kuna mji ulioanzishwa na watu weusi kwenye zile nyika za kati ya Marekani, au ni stori za vijiweni. Upo, na hadi leo una wakazi, ingawa wachache mno. Unaitwa Nicodemus, kaskazini magharibi mwa Kansas.

Ulianza 1877. Walowezi wengi walitoka Kentucky, watu waliokuwa watumwa miaka kumi na kitu tu nyuma. Matangazo yaliwaahidi neema. Walichokuta ni nyasi na upepo. Miti ya kujengea ilikuwa haba, basi wakachimba makazi ardhini. Mlowezi mmoja, Willianna Hickman, alifika 1878. Wenzake wakashangilia kwamba wamefika, yeye anaangaza macho haoni nyumba, anaona moshi tu ukifuka kutoka chini. Akaangua kilio. (Hata mimi ningelia.) Inasimuliwa kwamba Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakitoka mawindoni waliwagawia walowezi chakula.

Baadaye walowezi wakapata maduka, makanisa, hata magazeti. Edward McCabe, mkazi wa hapo, alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima.

Kwa maoni yangu reli ndiyo iliyowavunja mgongo kuliko ukame. 1888 ilipita ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakaifuata huko. 1996 mji ukatangazwa eneo la kihistoria la taifa. Ukitaka kuuona umechangamka, nenda mwishoni mwa Julai, vizazi vyao vinaporudi kusherehekea ukombozi kutoka utumwani.